Ncha Zinazong'aa

Jumatatu, Oktoba 14

Makabati tisa ya umeme kwa vinu tisa vya zeituni, na yote yanatakiwa kabla ya katikati ya Novemba. Ami Tayeb, mwenye karakana, amenikabidhi karatasi ya kuagizia vifaa. "Rafika, msimu huu viunganishi utachagua wewe. Macho yangu hayaoni tena tarakimu ndogo, na Lazhar akiachiwa atachagua kwa rangi."

"Kijivu ni rangi nzuri, Ami," fundi mwenzangu Lazhar akajibu bila kuinua kichwa.

Nina mwaka wa sita katika karakana hii na sijawahi kuaminiwa hivyo. Kiunganishi ni kitu kidogo, kipande cha plastiki chenye upana wa kucha. Unavipanga safu juu ya reli, waya unaingia upande huu na mwenzake unatoka upande ule. Watu hutazama mota na vitufe. Kiunganishi hakitazamwi mpaka siku kinapouachia waya wake.

Nimeandika yote kwa mpangilio: amperi, unene wa waya, joto la kinu, mvuke, mtikisiko. Chini ya mtikisiko nimepiga mistari miwili. Mashine inayosaga zeituni pamoja na kokwa zake hutikisa hadi meno ya mtu aliyesimama kando yake. Kwa hiyo nimependekeza viunganishi vya springi, ambavyo huubana waya wakati wote, utikiswe usitikiswe.

Alhamisi, Oktoba 17

Ami hataki springi. "Fundi wa kinu ana bisibisi moja mfukoni. Mpe kitu cha kukaza. Kitu asichoweza kukikaza hakiamini." Nikaleta hoja zangu, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Halafu muuzaji wa Tunis akapiga simu na kumaliza ubishi: vya springi vitafika Desemba, vya skrubu viko ghalani.

Nimekubali skrubu kwa sharti moja. Kila ncha ya waya ivishwe kikofia cha shaba na kubanwa kwa koleo, ili nyuzi zake zikae pamoja. Sharti hilo nimeliandika kwenye karatasi na chini yake nikatia sahihi.

Jumanne, Oktoba 22

Sanduku limefika. Vipande mia tano, hakuna kilichovunjika.

Jumanne, Oktoba 29

Vikofia vimekwisha. Badala ya mifuko mitatu wametuletea mmoja, na umeishia kwenye kabati la tatu. Mingine itachukua wiki mbili, ambazo hatuna.

Lazhar akasema kwamba Sadok, mwenye karakana ya mtaa wa pili, ana vikofia vya kujaza ndoo. Ami Tayeb hakugeuka. Yeye na Sadok hawajasalimiana kwa miaka kumi na mmoja. Sababu nimesimuliwa mara tatu na kila mara ilikuwa nyingine.

"Leteni kile kijungu," Ami akasema.

Ni kijungu cha chuma cha kuyeyushia risasi ya kulehemu. Alinishika mkono kama aliyekuwa ananifundisha kuandika, akanionyesha: unazisokota nyuzi, unachovya, unahesabu mbili, unatoa. Ncha inatoka imeshikamana, laini, inang'aa kama kijiko cha harusi. "Hii ndiyo kazi ya zamani," akaniambia. "Vikofia ni vya watu wenye haraka."

Nimechovya ncha tisini na mbili leo. Nikirudi nyuma hatua mbili na kulitazama kabati la nne, naona ni zuri kuliko yote niliyowahi kufunga. Niandike ukweli: nilijisifu.

Jumatatu, Novemba 4

Mvua ya kwanza. Kabati la tano limekwisha.

Jumamosi, Novemba 9

Tumefunga kabati la sita katika kinu cha Hajati Mongia, barabara ya Agareb. Mume wangu Nouri ameajiriwa hapo kwa msimu, kuendesha na kusafisha mashine ya kukandia. Ni pipa refu lililolala. Ndani yake kuna mhimili wenye visu vipana vilivyojipinda, navyo huzunguka polepole na kuukanda ujiuji wa zeituni mpaka mafuta yatokeze.

Nilitaka kabati likae ukutani. Hajati Mongia ni mwanamke mfupi mwenye miwani minene, na siku nzima hukaa kwenye kiti kando ya mizani. Alinitazama kama mtu anayepima kreti lililopungua. "Ukuta ule unavuja. Lifungeni kwenye fremu ya mashine ya kusaga. Waya utakuwa mfupi pia."

"Litatikisika, Hajati."

"Hata mimi natikisika, na nina miaka sabini na moja."

Wafanyakazi wote wakacheka. Nikalifunga kwenye fremu.

Nouri alikuwa akiwavuta wenzake mmoja mmoja kwa mkono waje kuona. "Haya, tazameni. Mnaziona hizo ncha? Mke wangu huyo." Niliona haya, lakini nilifurahi.

Jumapili, Novemba 17

Nouri ameleta chupa ya mafuta mapya. Tumeyala na mkate wa shayiri na sukari. Mvua.

Jumamosi, Novemba 30

Sitaki kuandika, ila nisipoandika nitalizungusha jambo hili kichwani mpaka asubuhi.

Leo nilikuwa nasafisha droo ya bisibisi. Chini yake palikuwa na karatasi iliyotoka kwenye sanduku la viunganishi, ya maelezo ya mtengenezaji. Niliitandika mimi mwenyewe mwezi wa kumi ili droo isichafuke. Nikaanza kuisoma kwa sababu tu ilikuwa mbele yangu. Mstari wa tisa: ncha iliyochovywa risasi isifungwe chini ya skrubu.

Nimeusoma mara tano. Sababu imeelezwa kwa maneno machache. Risasi ni laini. Ikibanwa haikai ilivyo. Hujitandaza polepole siku baada ya siku, kama nta chini ya kidole gumba. Skrubu haijasogea, lakini kilicho chini yake kimepungua. Wiki kadhaa zikipita unabaki na waya ulioketi tu ndani ya tundu lake, na palipo na mtikisiko hautaketi sana.

Makabati sita. Ncha mia tano na hamsini na mbili. Zote kwa mkono wangu. Na karatasi ya kuagizia ina jina langu.

Jumatatu, Desemba 2

Nimemwonyesha Ami. Aliiweka karatasi mbali na macho, kisha karibu, kisha akanirudishia.

"Miaka thelathini na miwili ninachovya. Umewahi kusikia kabati langu limeungua?"

"Hapana, Ami."

"Basi. Anayeandika karatasi hizi anauza vikofia." Akanipiga piga begani, kwa upole. "Msimu umekolea, binti yangu. Ukienda kumwambia mwenye kinu leo kwamba kabati lake lina kasoro, atazima. Zeituni zikilundikana siku tatu zinaanza kuchemka kwenye makreti. Unataka kuwachemshia watu zeituni zao kwa sababu ya mstari wa tisa?"

Nimeanza jaribio langu. Kwenye kipande cha reli nimefunga waya wenye kikofia na waya uliochovywa, nikazikaza skrubu zake sawasawa. Kwenye kichwa cha kila skrubu nimepaka mstari mwembamba wa rangi yangu ya kucha. Reli nimeifunga kwa mkanda juu ya kompresa ya karakana, inayotetemeka kutwa.

Jumanne, Desemba 3

Simu ya karakana haikulia.

Jumatano, Desemba 4

Haikulia.

Jumatatu, Desemba 9

Siku saba. Skrubu ya waya wenye kikofia haikubali kukazwa hata nukta. Skrubu ya waya uliochovywa imekubali robo mzunguko kabla ya kugoma. Nimeikaza tena na kupaka mstari mpya.

Lazhar ameuona mstari mwekundu. "Siku hizi unazipaka rangi skrubu? Ukimaliza nikuletee vidole vyangu." Nikacheka ili asiulize.

Alhamisi, Desemba 12

Nouri alikuwa akila lablabi, supu ya dengu na mkate, na mimi namtazama mikono. Ameikunja mikono ya shati, na ngozi yake inateleza mafuta mpaka juu ya viwiko. Nikamuuliza hulisafishaje lile pipa.

"Saa nane mchana kila siku. Nasimamisha, nafungua mfuniko, naingiza mkono na brashi na maji ya moto. Mpaka hapa." Akajigusa kwapani.

"Unasimamisha kwa kitufe kipi?"

"Kile kidogo."

"Kwa nini si kile kikubwa chekundu?"

"Kile kikubwa kinazima kila kitu, na pampu ya maji ya moto. Nisafishe kwa mate?"

Nikamwambia kitufe kidogo hakitoshi, kwamba kinaiambia mota isimame lakini hakiizuii kuanza tena. Akaacha kijiko. "Itaanzaje bila mtu kubonyeza? Wewe ndiye uliyelifunga. Au huliamini kabati lako mwenyewe?"

Hapo ndipo ningesema. Nikasema lablabi imepoa, niongeze ya moto.

Jumatatu, Desemba 16

Robo mzunguko mwingine. Waya wenye kikofia haujasogea.

Jumamosi, Desemba 21

Simu imelia. Ni kinu cha kabati la nne, wanasikia harufu ya plastiki. Lazhar amekwenda na kurudi kabla ya adhuhuri akipiga mluzi. "Skrubu tatu zilikuwa zimelegea. Nimezikaza, wamenipa mkate na zeituni." Akaniwekea mezani kiunganishi alichokibadilisha. Ubavu mmoja umekuwa wa kahawia kama mkate uliosahauliwa.

Ami Tayeb alikichukua akakigeuza mara mbili. Niliyaona macho yake, naye akaniona namwona. Akakitia mfukoni, akaenda kusali.

Zamani nilifikiri mtu huyu haogopi kitu. Sasa najua anaogopa kama mimi. Tofauti ni kwamba amezoea.

Jumatatu, Desemba 23

Baridi. Simu haikulia.

Ijumaa, Desemba 27

Upepo mkali tangu asubuhi. Kila mlango unapogonga nadhani ni mtu wa kutoka kinuni. Saa nane mchana nimesimama katikati ya karakana na bisibisi mkononi, sikumbuki nilikuwa nakwenda kufanya nini. Nilibaki hapo mpaka saa nane na nusu. Jioni Nouri amerudi, ana mikono yote miwili. Nimehesabu, naandika hivyo bila aibu.

Alhamisi, Januari 2

Mashine ya kukandia imeanza yenyewe.

Nitaandika kama Nouri alivyonisimulia. Alikuwa amemaliza kusugua upande wa kushoto. Mkono ulikuwa ndani mpaka begani. Brashi ikamtoka, ikaanguka sakafuni, akautoa mkono na kuinama kuiokota. Alipokuwa ameinama akausikia mhimili unazunguka. Aliinuka, akakuta kisu kinapita pale ulipokuwa mkono wake, polepole, kama kawaida yake, bila haraka yoyote. Kikazunguka mara mbili, kikasimama. Hakuna mtu aliyekuwa karibu na kabati. Mtu wa karibu kabisa alikuwa kwenye mizani.

Aliyasimulia haya huku anacheka. "Brashi imeniokoa! Nitaitundika ukutani, niiandikie jina." Akautazama mkono wake mezani, akauweka chini ya meza.

"Wamefanya nini?" nikamuuliza.

"Wamefukiza ubani. Mzee wa mashinikizo ya kukamulia anasema kinu kilipojengwa palikuwa na kisima, na kisima kina wenyewe. Wametundika hirizi kwenye mlango wa kabati, kiganja cha shaba na mkia wa samaki. Hajati naye amekubali, ingawa alikuwa anakunja uso."

"Na kesho?"

"Kesho tunasafisha kama kawaida. Ubani wa kilo nzima, Rafika! Hata mimi ningekuwa jini ningehama."

Najua kilichotokea. Viunganishi namba kumi na tatu na namba kumi na nne vimekaa bega kwa bega kwenye reli. Kumi na tatu inaleta umeme, kumi na nne inaupeleka kwenye kontakta inayowasha mota. Kati yao pana kitufe cha kuanzisha, ili mtu aamue. Waya wa kumi na tatu umetoka tunduni kwa mtikisiko, ncha yake ikaigusa skrubu ya jirani, na mota ikaanza bila kumsubiri mtu. Kisha ukatikiswa tena ukaachia. Upo mahali pale sasa hivi, unaning'inia, chini ya kiganja cha shaba.

Nilimwomba Nouri kesho abonyeze kile kikubwa chekundu. Akasema sawa. Alisema sawa kama mtu anavyomwambia mama yake kwamba atavaa sweta.

Sikumwambia. Amewaambia watu wote wa kinu kwamba kabati lile ni la mke wake.

Ijumaa, Januari 3

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa karakanani. Nimeweka reli ya jaribio mbele ya Ami Tayeb na kuushika waya uliochovywa kwa vidole viwili. Sikuvuta kwa nguvu. Umetoka kama uzi kwenye siagi. Wenye kikofia nimeuvuta mpaka kompresa ikasogea.

Nikamwambia kuhusu mkono wa Nouri. Akakaa.

"Ninakwenda Agareb kusema," nikamwambia.

"Ukisema pale, Rafika, hujasema makabati sita. Umesema miaka thelathini na miwili." Hakupaza sauti. "Ukitoka na maneno hayo usirudi hapa."

Nilikuwa nimekwisha kuchukua mfuko wa vifaa. Lazhar akazichomoa funguo za gari msumarini. Ami akamwambia, "Na wewe?" Lazhar akasema, "Mimi ni dereva tu, Ami," lakini hakucheka.

Njiani hakutania hata kidogo. Tulipofika kwenye mashamba akasema, "Unajua kila kiangazi Ami hunituma kuzunguka vinu vyote? Nabeba bisibisi, nakaza skrubu, nakunywa kahawa. Wenye vinu wanasema hakuna karakana yenye adabu kama yetu, fundi anakuja bila kuitwa. Miaka kumi na minne nimekaza. Kila mwaka zimelegea, na kila mwaka nimedhani ndivyo skrubu zilivyo." Akabadilisha gia. "Kumbe nilikuwa nafunika."

Kando ya barabara wanawake walikuwa kwenye ngazi wakichuma, wamevaa pembe za mbuzi vidoleni za kuchania matawi. Nje ya kinu trekta zilikuwa zimepanga foleni mpaka barabarani. Saa yangu ilisema saa tatu na robo; saa nane ya kusafisha ilikuwa bado.

Niliingia moja kwa moja hadi kabatini. Nikakivua kile kiganja na ule mkia, nikavishika kwa heshima, nikafungua mlango. Namba kumi na tatu ilikuwa tupu. Waya wake ulikuwa kando, ncha inang'aa kama siku nilipoichovya, umbali wa punje ya ngano kutoka skrubu ya kumi na nne. Mashine ya kusaga ilikuwa inafanya kazi na ncha ilikuwa inacheza. Inasogea, inarudi. Inasogea, inarudi. Nikaitazama kama mtu anayetazama nge.

Nikazima swichi kuu. Nikatia kufuli yangu ndogo ya baiskeli kwenye tundu la mpini wake, nikafunga, ufunguo nikauweka mfukoni.

Kimya cha kinu kilichosimama ni kitu kibaya. Kisha makelele yakaanza. "Nani kazima?" "Wewe mwanamke, una wazimu?" Mkulima mmoja mwenye koti la mvua akanijia mpaka puani: "Zeituni zangu ziko siku ya pili! Zikichemka utazila wewe?" Nouri akaja mbio, mikono imelowa, akajiweka kati yangu na yule mtu. "Kaa mbali na mke wangu. Rafika, kuna nini? Fungua basi."

"Sifungui."

"Rafika."

"Sifungui, Nouri."

Hapo Hajati Mongia akafika. Sikuwahi kumwona ameondoka kwenye kiti chake. Wote wakampisha. Akaitazama kufuli, akakitazama kiganja mkononi mwangu.

"Ni jini?"

"Si jini, Hajati. Ni mimi."

Nikamweleza pale pale, mbele ya Nouri, mbele ya wakulima, kwa sababu nisingeweza kuyasema mara mbili. Vikofia vilivyokwisha. Kijungu. Mstari wa tisa. Kwamba nimejua tangu Novemba thelathini. Sikulitaja jina la Ami Tayeb. Nilipofika kwenye tarehe nikasikia Nouri anavuta pumzi, na sikugeuka kumtazama.

Hajati akasogeza miwani. "Kinu changu kikikaa hivi mpaka jioni, unajua nitapoteza nini?"

"Najua."

"Na jana mkono wa mumeo ulikuwa mle ndani."

"Najua, Hajati."

"Mwezi mzima umekaa na jambo hili."

Nikautoa ufunguo mfukoni, nikamnyooshea.

"Basi ufunguo kaa nao. Hawa nitasema nao mimi." Akawageukia. "Kinu kimefungwa mpaka fundi aseme. Mwenye haraka apeleke zeituni zake kwingine, mizani ile pale, achukue na risiti. Na wewe mwenye koti, ondoka puani mwa huyu mama, unamzibia mwanga."

Nilianza na kumi na tatu. Nilikata ncha, nikamenya waya upya, nikakumbuka kwamba sina kitu cha kuivisha. Nimekuja na ujasiri bila vikofia. Ningeweza kuzifunga nyuzi tupu, zikashika siku chache. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikifikiria hilo, Lazhar amenishikia mlango wa kabati usinigonge, Nouri ameondoka sijui kaenda wapi, niliposikia gari dogo la Ami Tayeb. Mlio wake naujua.

Aliingia na ndoo ya rangi. Ilikuwa imejaa vikofia mpaka ukingoni.

"Nimetoka kwa Sadok," akasema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. "Amenipa kahawa. Mbaya vilevile."

Kisha akamwendea Hajati Mongia, na sote tulimsikia: "Aliyemfundisha kuchovya ni mimi. Yeye alitaka springi, akataka vikofia, akaandika. Karatasi ninayo." Akaja, akakunja magoti kwa taabu, akachukua koleo langu mkononi mwangu na kukata ncha ya pili. Ilidunda sakafuni. Akaiangalia kidogo. Akakata ya tatu.

Tulikuwa kwenye kumi na nane nilipoona mwanga umeongezeka. Nouri alikuwa amesimama nyuma yangu na taa ya mkono.

"Niangaze wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa kavu. Nikamwonyesha. Akaangaza hapo, na mwanga ukabaki hapo hapo.

Saa kumi na moja kasoro nikafungua kufuli.

Jumamosi, Januari 4

Kabati la nne na la tano. Lazhar, Ami, mimi. Mkono umevimba kwa koleo. Nouri hasemi nami.

Jumatatu, Januari 6

La saba na la nane. Mwenye la nane ametufukuza, akatuita tena baada ya nusu saa.

Jumanne, Januari 7

La tisa. Yamekwisha. Ami anataka sasa tuorodheshe ya zamani, mwaka kwa mwaka, kuanzia yaliyo karibu na mashine. Anataja vinu kwa kumbukumbu, mimi naandika. Ukurasa wa tatu tumesimama kwa sababu alihitaji kutoka nje.

Alhamisi, Januari 9

Nouri amesema. Tulikuwa tunakula. "Sina hasira ya risasi. Kila mtu hukosea, na mimi nimewahi kumwagia Hajati pipa zima. Nina hasira ya lablabi."

"Lablabi?"

"Siku ile nilikuuliza kama huliamini kabati lako. Ukaniongezea lablabi."

Nikamwambia niliogopa. Akasema, "Na mimi ningeogopa pamoja nawe. Tungekuwa wawili." Kisha akasukuma bakuli lake kwangu, lililokuwa na yai ambalo hakulila, kwa sababu anajua napenda yai.

Jumatano, Januari 22

Mvua siku nne mfululizo. Simu imelia mara mbili na mara zote nimeipokea mwenyewe.

Jumanne, Februari 11

Kinu cha Hajati kimemaliza msimu. Amezipoteza trekta tano za zeituni siku ile, na tatu kati ya hizo zimerudi wiki iliyofuata. Ameagiza kabati lihamie kwenye ukuta mwingine, mkavu, na vya springi vimefika, miezi miwili nyuma ya wakati. Pampu ya maji ya moto nimeipa njia yake, ili anayesafisha aweze kuzima mashine nzima bila kukosa maji. Kwenye msumari kando ya swichi kuu kuna kufuli, moja kwa kila anayeingiza mkono. Ya Nouri ina mstari mwekundu wa rangi ya kucha.

Kile kiganja cha shaba Hajati amekirudisha mlangoni. "Hakidhuru," akasema, "na wewe usijione umejua yote."

Leo tumejaribu. Nimepita kwenye reli nzima nikivuta waya mmoja mmoja kwa vidole, kumi na tatu mara tatu. Kisha nikarudi nyuma. Nouri akafungua kufuli yake, akawasha swichi kuu. Hakuna kilichosogea. Tulisubiri. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza, na Ami Tayeb amesimama na kofia mkononi. Dakika moja. Mbili. Mhimili umetulia ndani ya pipa, visu vimelala.

"Nibonyeze?" Nouri akauliza.

"Bonyeza."

Akabonyeza, ndipo mhimili ukaanza kuzunguka.